Mota Isiyokunywa Kitu

Kabla ya Dastani, Mkunya hapakuwa na mtu aliyewahi kumiliki chombo cha majini, na sababu yake huhitaji kwenda mbali kuitafuta: Mkunya hakuna maji. Korosho zipo, muhogo upo, na upepo wa mlimani upo, ule unaowafanya wageni wa kutoka Masasi waombe shuka la pili. Lakini maji yako bondeni, huko chini kwenye mabwawa ya Ruvuma, na njia ya kuyafuata inateremka hadi magoti yanalia. Kiangazi wanawake huondoka kabla hakujapambazuka na hurudi jua limeshakuwa kali, kila mmoja na ndoo yake moja. Kwa hiyo mtu wa Mkunya akikwambia amenunua mtumbwi, halafu akaongeza kwamba ameununulia na mota, una haki kabisa ya kumwuliza kama jana alilala vizuri.

Dastani alikuwa halali vizuri. Alikuwa analala peke yake. Mkewe Agatha alikuwa amefunga nguo zake ndani ya kanga, akarudi kwao Chiwata, na hakuaga wala hakugombana. Angegombana ingekuwa nafuu, maana ugomvi unajua pa kuushika. Yeye aliondoka tu asubuhi moja, ngata yake ya kubebea ndoo akaiacha imening'inia kwenye msumari wa jikoni.

Sababu ya kuondoka kwake kila mtu aliijua, na wa kwanza kuijua alikuwa Dastani mwenyewe. Ilikuwa nipa. Jamani, kama kuna mtu alijua kupika nipa pale mlimani alikuwa ni yule. Mabibo ya korosho yakiiva watu wengine waliona matunda yanaoza chini ya mikorosho; Dastani aliona chupa. Chungu chake kilizibwa vizuri, bomba lake la shaba lilipita kwenye beseni la maji baridi, na kilichodondoka mwisho wa bomba kilikuwa cheupe na kikali, na kilipendwa hadi Newala mjini. Walevi walifuata nyumba yake gizani bila kuuliza njia. Basi mke akiondoka kwenye nyumba ya namna hiyo, unauliza nini tena?

Hata kule Chiwata hawakuuliza. Dastani alipokwenda kumfuata alikalishwa kigodani mbele ya Mjomba Nathanaeli, mjomba wa Agatha, mzee wa kanisa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwa Wamakonde mke ana mjomba wake hata akiwa na wajukuu, na mjomba asiporidhika mume atakula wali wa mgeni na kurudi alikotoka.

"Kosa lako unalijua?" aliuliza mzee.

"Nalijua, Mjomba. Ni nipa."

Agatha alikuwa ameketi mkekani anabangua korosho. Alinyanyua uso, akafungua mdomo. Mjomba akamwinulia kiganja.

"Ngoja kwanza, mama. Mwanamume anakiri."

Akangoja. Mwanamume akakiri sana, akaapa hatapika tena, maana Dastani akianza jambo hulifanya kwa ukamilifu. Mjomba akatoa hukumu: kwanza, lile bomba la shaba liletwe Chiwata, likae chini ya kitanda chake yeye mzee. Pili, Dastani atafute kazi ya halali, inayoonekana kwa macho, siyo hadithi. Siku itakapoonekana mzee atakuja mwenyewe na Agatha, na akiridhika atamwacha hapo. Wote wakaona ni hukumu nzuri, wakala ugali. Agatha alirudi kwenye korosho zake, na hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa na neno la kusema.

Dastani alipeleka bomba. Akaanza kutafuta kazi ya halali.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, mwishoni mwishoni, soko huria limefika hadi vichakani. Korosho zilinunuliwa na watu binafsi wenye malori na maneno matamu, kila kijana alikuwa mfanyabiashara hata kama biashara yenyewe ni sigara mojamoja, na Masasi maduka yalijaa vitu kutoka Dubai na Japani ambavyo hakuna aliyejua vinatumikaje. Katika hali hiyo mtu hakukosa wazo. La Dastani lilikuwa samaki. Mlimani walikula samaki wakavu wa pwani waliochoka hata kunuka. Yeye angewaletea kambale na perege wabichi kutoka bondeni. Akaenda kwa mtani wake Mussa, Mmakua mmoja mvuvi aliyezaliwa pembeni mwa bwawa, wakakubaliana: Mussa ana nyavu, Dastani atanunua mtumbwi.

Mtumbwi ukapatikana. Tabu ikawa kasia. Mtu aliyekulia mahali ambapo maji hukaa ndani ya ndoo hajui kuyasukuma. Dastani alipiga kasia kulia, mtumbwi ukageuka. Akapiga kushoto, ukageukia upande wa pili. Akapiga kwa hasira, ukazunguka palepale, huku Mussa amelala ndani yake anacheka hadi anashika mbavu.

"Mtani, shuka," alisema Mussa. "Huo ni mtumbwi siyo kinu. Unatwanga nini?"

"Ninakaribia kuupata."

"Utaupata mimi nimeshazikwa. Nyie watu wa mlimani mngeachiwa mihogo yenu tu."

Mtani ana ruhusa ya kusema lolote na wewe huna ruhusa ya kununa, ndiyo mila. Lakini mila haikatazi kuumia. Dastani alipanda mlima usiku ule na neno moja kichwani: mota.

Alipouza korosho alikwenda Masasi, moja kwa moja hadi kwenye duka la Alfani, chini ya jabali. Alfani aliuza kila kilichoshuka kwenye meli: baiskeli za watoto, majokofu, viti vya saluni, na siku hizo mota za boti, tatu, zimelazwa juu ya magunia. Alikuwa mtu mkweli kwa kiasi ambacho biashara inaruhusu.

"Hii ya kwanza ni ya petroli," alisema. "Hii ni mashine ya wanaume."

Dastani aliinama, akainusa. Akainuka haraka. "Inanuka."

"Si petroli, mzee? Ulitaka inuke udi?"

Dastani alimfikiria Mjomba Nathanaeli na pua yake. Kitu chochote cha majimaji, kinachonuka na kinachowaka kiberiti kikigusa, alikuwa hataki kionekane karibu naye. "Nioneshe nyingine."

"Hizi mbili ni za umeme. Wajapani wanazitumia kwenye vibwawa vyao, wanavua kimyakimya. Hii nyeusi ina nguvu kweli. Inataka betri mbili."

"Bwawa letu si kubwa. Nikiiwasha hiyo si nitajikuta Msumbiji sina hata kitambulisho?"

"Basi chukua hii ndogo." Ilikuwa nyeupe, mpini wake umepasuka na kufungwa kwa waya. "Betri moja tu, ya lori, nitakupa na betri yenyewe. Unashika mpini hivi, unageuza hivi, inakwenda. Na mguu wake ni mfupi, haitagusa mchanga."

Dastani aliizunguka kama anayenunua mbuzi. Aliuliza mambo ya maana: kama inarudi nyuma, kama ikilowa inaharibika, kama majani yakijizonga kwenye panga lake atayatoaje. Kisha akauliza lile lililomleta.

"Inakula nini?"

"Haili."

"Inakunywa?"

"Mzee, nimekwambia umeme. Hainywi kitu. Hainuki, hailii, haidai. Hata kelele haina."

Mashine isiyokunywa! Dastani aliiona tayari imesimama mbele ya Mjomba Nathanaeli, nyeupe kama msharika wa Jumapili. Na zaidi ya yote ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Alitoa fedha yake kabla Alfani hajamaliza kusifia, jambo lililomshtua Alfani hadi ukweli ukamponyoka.

"Lakini mzee, kuna swali moja hujaniuliza. Betri utaichaji wapi?"

"Mkunya. Kuna Haji ana mashine ya kusaga, anachaji na betri za watu."

"Na bwawa liko wapi?"

"Bondeni."

Alfani alifungua mdomo. Akazitazama fedha mkononi mwake. Akaufunga.

"Karibu tena, mzee," alisema.

Lazima niseme haki: mota ilifanya kazi. Mussa aliukata mtumbwi kisigino mota ipate pa kukaa, wakaifunga kwa misumari na kamba, Dastani akageuza mpini na mtumbwi ukaondoka wenyewe, taratibu, bila sauti, hata kambale hawakujua kinachowajia. Watu wa bondeni walisimama ukingoni. Mussa, aliyekuwa na utani wa kutosha maisha mazima, alikosa la kusema hadi walipofika ng'ambo. Dastani alikaa nyuma ameshika mpini, kifua mbele, akiendesha kuzunguka bwawa zima hata pale ambapo hapakuwa na sababu ya kwenda. Samaki walipatikana, wakauzwa, na mlimani watu wakasahau ladha ya wale wakavu.

Ila kila jioni betri ilikuwa imekwisha.

Na betri iliyokwisha haikai bondeni, inakwenda kwa Haji. Haji yuko mlimani. Baiskeli haipandi ile njia hata ukiisukuma kwa dua. Siku ya kwanza Dastani aliibeba betri begani, ikamchubua. Siku ya pili akaitia kwenye kapu mgongoni, ikamvuta nyuma nusura arudi nayo bwawani. Siku ya tatu alikumbuka kitu kilichoning'inia kwenye msumari wa jikoni. Akaitwaa ngata ya Agatha, ya kanga kuukuu iliyosokotwa vizuri, akaitia mfukoni, na jioni aliiweka kichwani, betri juu yake. Ikakaa! Ikatulia kana kwamba ngata ile ilisokotwa kwa ajili ya betri. Dastani alishangaa jinsi kitu kidogo vile kinavyoweza kuwa na akili.

Akawa anapanda hivyo. Mlima ule, nakwambia, haubembelezi mtu. Shingo inaingia mabegani, jasho linaingia machoni na huna mkono wa kulifuta, na ukifika kwenye ile kona ya mawe unatamani kukaa chini ulie kama mtoto. Kwenye kona hiyohiyo alikutana na wanawake waliokuwa wanapanda na ndoo zao za safari ya jioni. Walimpisha. Walimwonea huruma.

"Pole, Baba Dickson," walisema, ndoo kichwani. "Pole kwa kazi."

"Acheni tu, dada zangu," alijibu Dastani, betri kichwani. "Maisha ni magumu."

Akawapita, maana yeye alikuwa na haraka.

Kazi ikawa imeonekana kwa macho. Dastani akatuma salamu Chiwata kwa dereva wa lori la korosho, na dereva akarudi na jibu: Mjomba Nathanaeli atakuja Jumamosi na Agatha, wafike kama alasiri, na hiyo mashine aione inatembea majini kwa macho yake.

Ijumaa jioni Dastani alipeleka betri kwa Haji, amejaa furaha. Haji alikuwa mweupe kwa unga kuanzia kichwani hadi kandambili. Alifungua vifuniko vya betri kimoja kimoja, akachungulia, akaguna.

"Imekauka," alisema. "Hii hata nikiichaji mwezi mzima haishiki. Inataka maji."

"Inataka nini?"

"Maji, Baba Dickson. Betri inakunywa maji. Alfani hakukwambia?"

Dastani aliketi juu ya gunia la mtu. Mashine isiyokunywa, jamani! Alipopata pumzi akasema basi, nitaleta kikombe.

"Siyo maji ya kunywa. Ukitia maji ya bondeni na matope yake umeiua. Yanatakiwa maji ya betri, yanauzwa Masasi."

"Mjomba anafika kesho!"

"Basi huna la kufanya. Kwa sababu hayo maji yanatengenezwa kwa ufundi. Yanachemshwa kwanza, halafu ule mvuke unakusanywa, unapoozwa, mpaka unadondoka..."

Haji aliacha kusema. Dastani alikuwa anamtazama kwa uso mpya kabisa, uso wa mtu anayesimuliwa na mgeni habari za nyumbani kwake.

Bomba lake lilikuwa Chiwata chini ya kitanda. Lakini jirani yake Dorothy, shoga wa Agatha, alikuwa naye anapika nipa, kwa siri ambayo kijiji kizima kiliitunza. Dastani akaenda kuazima chungu na bomba.

"Umesharudia?" Dorothy alimkata jicho. "Na mke anakuja kesho?"

"Napika maji."

"Unapika nini?"

"Maji. Nayatia maji, yanatoka maji."

Dorothy akampa chungu na bomba, kama unavyompa mgonjwa anachotaka.

Jumamosi asubuhi Dastani aliwasha moto nyuma ya nyumba. Pipa lake lilikuwa kavu, kwa kuwa tangu Agatha aondoke lilikuwa halijai lenyewe tena kama zamani. Akawangoja wanawake njiani, akawanunulia ndoo zao mlangoni mwake, wakamwuzia kwa kumwonea huruma ya betri. Ndoo moja chunguni. Nyingine kwenye beseni, bomba lipoe. Beseni likipata moto, maji yanamwagwa chini na kutiwa mengine, kwa sababu bomba likiwa la moto mvuke hautulii. Hilo hakufundishwa na Haji. Akakinga chupa, akachuchumaa, na kwa mara ya kwanza tangu kiapo chake alijisikia yuko kazini.

Kosa lilikuwa chungu cha Dorothy. Kilikuwa kimefanya kazi yake ya kawaida juzi tu, na kilipopata moto kikaanza kukumbuka. Harufu ikatoka. Ikapanda juu ya paa, ikavuka uzio, ikashuka barabarani. Na watu wa Mkunya pua wanazo.

Wa kwanza alitokea na kikombe chake. Wa pili alikuja na kopo. "Dastani amerudi!" mtu alipiga kelele barabarani, na haikupita muda nyuma ya nyumba palijaa wateja wa zamani, macho yanang'aa, wanampongeza, wanamkumbatia, mmoja analengwalengwa na machozi.

"Ni maji!" Dastani aliwafukuza. "Ni ya betri! Tokeni!"

"Sawa, tumia jina lolote," walisema, "tumiminie."

Mmoja alinyakua chupa akanywa. Uso wake ulikunjamana. Akatema. "Huyu mtu," aliwaambia wenzake kwa uchungu wa kweli, "ametengeneza maji."

Ndipo mlango wa uzio ulipofunguka. Lile lori la korosho halikupata pancha siku hiyo, jambo la nadra, kwa hiyo Mjomba Nathanaeli alikuwa amefika mapema. Alisimama na mkoba wake wa kanisani. Nyuma yake alikuwa Agatha, kanga mpya, kifurushi mkononi. Wakaona moto, chungu, bomba, chupa zimepangwa, na wanaume na vikombe vyao.

Dastani alifuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo, Mjomba," alisema.

Mjomba hakuitikia. Watu walimpisha. Aliokota chupa iliyojaa, akainusa, na uso ukamwiva kwa hasira.

"Uliapa mbele yangu," alisema.

"Ni maji, Mjomba. Wallahi, samahani, naapa kwa Mungu ni maji."

"Maji yanayonuka hivi?"

"Onja."

Mzee wa kanisa alitazama kulia, akatazama kushoto. Kuonja kwa uchunguzi si dhambi. Akanyanyua chupa, akapiga funda. Akangoja. Akapiga la pili, kubwa zaidi, akafumba macho, akangoja tena. Alipoyafumbua, ungedhani ameibiwa.

"Maji," alisema.

"Si alitwambia!" walisema wenye vikombe. "Anatwambia tangu asubuhi!" Wakaondoka wananung'unika.

Basi hapo Dastani alifunguka. Alieleza mota, akaeleza betri, akamwita Haji ashuhudie, akaleta samaki wa jana aliowakausha kwa moshi, akaonesha kwa mikono jinsi mpini unavyogeuzwa. Mjomba alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyolegea. Mwisho aliweka mkono begani mwa Dastani.

"Mwanangu, nimetembea sana, lakini mtu anayekaa na chungu, bomba na moto, na kinachotoka ni maji, sijapata kumwona. Umebadilika." Akageuka. "Mama, mumeo amebadilika. Kosa limekwisha. Ingia ndani."

Dastani alikuwa ameshinda!

Agatha hakuingia ndani. Tangu afike alikuwa hajazitazama chupa hata mara moja. Alitazama ndoo tupu zilizolala mlangoni. Alikwenda kwenye pipa, akachungulia, akaligonga kwa kidole, likalia utupu. Akatazama tope chini ya beseni, pale maji ya kupoozea yalipomwagwa tangu asubuhi, tope zito kama la masika, katikati ya kiangazi cha Mkunya. Kisha akaona kitu juu ya betri, akakiokota.

"Hii si ngata yangu?"

"Ndiyo yako, Mama Dickson. Nimeitunza."

"Imeliwa na nini?"

"Ni asidi. Betri huwa inavuja kidogo."

"Unabeba betri kwa ngata? Kichwani?"

"Kila siku."

"Kutoka bondeni mpaka huku?"

"Kutoka bondeni mpaka huku!" Dastani alifurahi, huruma aliyoingoja miezi yote ilikuwa inakuja yenyewe.

"Ni nzito?"

"Nzito? Ni ndoo kabisa ile, ndoo iliyojaa! Weee, Agatha, acha. Shingo hii siigeuzi. Magoti hayalali. Ukifika ile kona ya mawe unaona bora ufe. Na ukifika juu hakuna wa kukupa hata pole. Wewe hujui tu, mama. Ule mlima hujui ulivyo!"

Haji alianza kujipangusa unga kwenye mkono, kwa bidii. Dorothy, aliyekuwa ameegemea uzio, aligeuza uso. Na Dastani, aliyekuwa bado ameinua mikono kuonesha ukubwa wa mlima, alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia moja moja, yakaanza kumwingia.

Agatha aliikunjua ngata, akaikunja tena kwenye matundu yake.

"Mjomba," alisema bila kupandisha sauti, "mimi sikuondoka kwa sababu ya nipa."

Mjomba alivua miwani. "Huyu alikiri."

"Alikiri. Wewe ukaniambia ningoje. Nipa walikunywa wao, mimi inanihusu nini? Lakini kila chungu kimoja beseni linataka ndoo, na ndoo nyingine, na nyingine. Nilikuwa nayashusha maji pale mlangoni, yeye anayamwaga pale kwenye tope, ananiambia ongeza. Tangu Dickson yuko mgongoni mpaka Dickson ameoa. Hakuwahi kuniuliza kama ni nzito." Akamtazama Dastani. "Na sasa kila siku uko bondeni. Kila siku unapanda na ngata yangu kichwani. Umewahi kupanda na maji?"

Dastani aliteremsha mikono aliyokuwa ameiinua.

Agatha aliokota kifurushi chake, akampita Mjomba, akaenda zake kwa Dorothy. Mzee alibaki amesimama na chupa ya maji mkononi, hajui aiweke wapi.

Jumapili hapakuwa na lori la kurudi Chiwata. Asubuhi Dastani aliteremka bondeni na ndoo. Mussa alimkuta ukingoni anachota.

"Mtani, mota haiwaki leo? Imekufa?"

"Betri ipo nyumbani."

"Na wewe umekuja kunywa bwawa letu?" Mussa aliangua kicheko. Halafu akamwona usoni, akamsaidia kutwika.

Hakuwa na ngata. Aliviringisha shati lake, akaliweka kichwani, akapanda. Ndoo si betri. Betri ukiinama haikudai chochote, ndoo inakumwagikia shingoni kila unapokosea. Wanawake walimkuta kwenye kona ya mawe. Safari hii hakuna aliyesema pole. Walicheka, wakacheka hadi ndoo zao zikatikisika, mwanamume mzima kifua wazi, maji yanamtiririka hadi kwenye suruali. Lakini walimpisha.

Ili kufika kwake lazima apite kwa Dorothy. Agatha alikuwa kizingitini anachambua mchicha. Dastani alisimama mbele yake anahema, ndoo bado kichwani kwa kuwa hakujua kuishusha peke yake. Agatha aliinuka, akaishika ndoo kwa mikono miwili, akaishusha chini kama kitu kisicho na uzito, akachungulia ndani.

"Imefika nusu," alisema.

"Nyingine imemwagika njiani."

"Najua. Hata mimi ya kwanza ilifika nusu."

Akaingia ndani kwa Dorothy, akatoka na ngata yake ile ya matundu, ameishona. Akamwekea mkononi.

"Pipa halijalowa hata chini, Baba Dickson," alisema. "Rudi tena."